Kalenda Yangu na Mafundo ya Mama Mkwe

Kuna watu wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa polisi. Mimi tangu utoto naogopa kutoka nje. Si kwamba nje kuna ubaya wowote; ni kwamba ndani kuna kitanda, kuna chai, kuna gazeti la juzi ambalo sijalimaliza. Nilipomaliza darasa la kumi Tabora nikashuka Dar es Salaam kutafuta kazi, wenzangu niliosafiri nao walikwenda siku hiyo hiyo kuitazama bahari. Mimi nilibaki chumbani Kariakoo nikiwangoja warudi wanisimulie. Wakarudi, wakanisimulia. Nikaona yatosha.

Naitaja tabia hii mwanzoni ili msomaji asisumbuke kumtafuta mkosaji mahali pengine. Ninayoyaeleza ni ya mtoto wetu wa kwanza, na ya masika ya mwaka mmoja katika miaka ya hamsini. Mwaka huo nilitakiwa kufanya safari moja tu, ya mwendo wa saa moja kwa miguu, nami nikaiahirisha.

Tulipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, kuta za udongo na bati juu. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima wa Kizaramo, mjane, mwenye sauti ya kunadia samaki ingawa samaki hajapata kuuza. Mimi ni Mnyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na kwa mtani hakuna neno lisilosemeka. Wiki ya kwanza tu alinipa cheo. Aliniita mwali, kama binti aliyewekwa ndani asionwe na watu mpaka afundwe.

“Mwali, leo umeliona jua?” ananiuliza nikitoka kwenda kunawa.

“Nimeliona dirishani, bibi.”

“Lilikuwa likikuulizia. Linasema, yule Mnyamwezi yu hai, au mmemzika humo humo chumbani?”

Kazini nako hakukuwa mbali. Nilikuwa karani katika ghala la mfanyabiashara mmoja jirani na soko, na niliichagua kazi ile kuliko nyingine yenye mshahara mzuri zaidi kwa sababu moja: ningeweza kurudi nyumbani kula mchana. Mke wangu alikuwa akisema, mbele ya watu, kwamba alipoolewa alidhani amepata mume, kumbe amepata kabati.

Yeye alikuwa mtoto wa Magomeni, ng'ambo ya pili ya bonde la Jangwani. Kwao ni watu wa pwani wa siku nyingi, na kwao mimba ya kwanza haina mjadala: ukifika mwezi wa saba, binti anarudi kwa mama yake. Anazalia kwao, mikononi mwa mkunga aliyemzalisha mama yake, anakandwa kwao, anafungwa tumbo kwao, na akimaliza arobaini ndipo mume anapewa mkewe na mwanawe. Kazi ya mume ni kumpeleka na kumfuata. Hata kabati linaiweza.

Mwezi wa saba mama mkwe akaja kumchukua. Alikaa kwenye mkeka uani, kanga ameivuta mpaka puani, maana mkwe na mkwe hawatazamani. Mimi nilikaa ukumbini nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Mwenye nyumba alikaa katikati akiwa mpeleka maneno, ingawa tulikuwa tumeachana hatua nne na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

“Mwambie mkwe wangu nimekuja kumfuata mtoto,” alisema mama mkwe.

“Mkweo amekuja kumfuata mtoto,” alisema mwenye nyumba.

“Mwambie mama bado mapema,” nilisema mimi.

Nikaleta ushahidi. Ukutani nilikuwa na kalenda, zawadi ya mwaka mpya kutoka kwa tajiri yangu, yenye picha ya farasi. Siku mke wangu aliponiambia kuwa ana mimba nilichukua penseli nyekundu, nikaizungushia tarehe ile duara, nikahesabu miezi tisa kwenda mbele. Duara la pili lilianguka mwisho kabisa wa Mei. Masika yatakuwa yamekwisha, njia zimekauka, sisi tunavuka bonde kama watu wanaokwenda arusini. Kwa nini mtu akae kwa watu miezi mitatu kwa jambo linalohitaji wiki moja?

Mama mkwe hakuwa na kalenda. Alifungua pindo la kanga yake akatoa ukanda mwembamba wa nguo kuukuu. Kila mwezi ulipoandama alipiga fundo. Fundo la kwanza alilipiga kwa mwezi ambao binti yake hakuziona siku zake, sio kwa siku ambayo mkwe wake alipashwa habari. Alimpa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akanipitishia mlangoni. Nikayahesabu mafundo yale, nikatabasamu. Nalikumbuka tabasamu lile kuliko mengi niliyotabasamu maishani.

Nikaeleza, kwa ufasaha ambao mpaka leo unanitia haya, kwamba mwezi wa mbinguni una siku ishirini na tisa, ukijitahidi thelathini. Lakini mwezi wa serikali hufika thelathini na moja. Kwa hiyo hesabu ya mafundo inakimbia, na kila mwezi inazidi kukimbia, na mwishoni mama atajikuta anangoja mtoto ambaye hata hajafunga safari.

Mwenye nyumba akanigeukia.

“Kwani huyu mtoto atazaliwa kwa mwezi wa serikali? Ameajiriwa?”

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta mchele, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Hata mama mkwe niliona kanga ikitikisika. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na mwenye nyumba hakusoma, na mama mkwe alikuwa mtu wa adabu. Mwishowe akasema polepole, “Mke ni wake. Mwambie basi amlete mwenyewe, kabla njia haijaharibika. Amlete mwenyewe.”

“Nitamleta mwenyewe,” nilisema, bila kungoja kupelekewa maneno.

Sababu yenyewe haikuwa kalenda. Nilikuwa sijui kuchemsha hata maji ya kunawa yasiwe na moshi. Nilikuwa nimezoea, nikirudi mchana, kumkuta pale pale, na mzaha wake, na uji wake. Chumba bila yeye nilikuwa nimekijaribu mara moja, alipokwenda kwao kwenye msiba kwa siku tatu, na siku ya pili nilijikuta nikizungumza na farasi wa kalendani. Kwa hiyo niliomba wiki chache, nikaziita hesabu.

Mvua zilianza kwa wakati wake, halafu zikakataa kuondoka. Wenyeji wa milimani wakisikia mtu anasema Dar es Salaam kuna baridi hucheka. Waje wakae katika nyumba ya udongo mwezi wa nne, mvua ya siku kumi haijakatika, ukuta unatoka jasho, viatu vinaota ukungu mweupe chini ya kitanda, na shuka unapojifunika unahisi mtu mwingine amelilalia akiwa amelowa. Hiyo si baridi ya kuganda. Ni baridi inayokuzoea, inakaa nawe kama mpangaji.

Na katika hali hiyo ndipo tulipoanza kumwandalia mtoto. Kununua nguo mpya kabla hajazaliwa ni uchuro. Hilo hata mimi nililijua. Kinachotafutwa ni kanga za winda, yaani kanga kuukuu za kumvika mtoto kama nepi, zilizofuliwa mpaka zimekuwa laini kama ngozi ya sikio, na ziwe zimevaliwa na wanawake ambao watoto wao wamekua. Mwenye nyumba alipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu akizikusanya. Kila aliyetoa alitoa na dua. Zilifika ishirini na moja. Zikachemshwa, zikapasuliwa vipande, zikafuliwa tena, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu hazikukauka.

Ziliwekwa kambani uani, zikanyeshewa. Zikaletwa ukumbini, zikakaa siku nne, zikaanza kunuka. Tukafunga kamba chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, ikawa nikiamka nasalimiana na pindo mbichi usoni. Hatimaye mwenye nyumba akanifundisha: unachukua tenga, unalifudikiza juu ya jiko lenye makaa yasiyowaka moto, unatandaza kanga juu yake, unakaa hapo unageuza. Ukisinzia, imeungua. Ukipunguza makaa, imebaki mbichi. Na makaa yenyewe, kwa kuwa mkaa ulikuwa umelowa sokoni, yalitaka kupepewa kila mara.

Hii ndiyo kazi pekee ya nyumbani niliyopata kuiweza. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi, kipepeo cha ukili mkononi, nikageuza kanga kama mtu anayechoma chapati. Kipande kimoja kilichukua karibu saa nzima. Nikikunja cha tatu, cha kwanza kimeshanyonya tena unyevu wa hewa.

“Tazameni mwali wangu,” mwenye nyumba aliwaambia wapangaji. “Sasa amefundwa. Tumtafutie mchumba.”

“Ana mimba ya miezi minane huyo,” mke wangu alisema. “Amechelewa.”

Tulicheka. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba tulicheka.

Alhamisi moja mvua ilipungua. Asubuhi ilikuwa manyunyu tu, na upande wa Jangwani mbingu ilikuwa imefunguka kidogo. Mke wangu aliamka mapema, akafunga kifurushi chake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilipofumbua macho nilimkuta amevaa.

“Twende leo,” alisema. “Njia inapitika.”

“Tulisema Jumapili. Leo kuna mzigo unaingia ghalani.”

“Mzigo una mikono ya watu wengine. Huu wangu hauna.”

“Siku tatu tu, mke wangu. Tazama.” Nikamwonyesha kalenda. Kutoka Alhamisi ile hadi duara jekundu kulikuwa bado na wiki mbili na zaidi. “Tazama mwenyewe nafasi iliyobaki.”

Aliitazama. Kisha akanitazama mimi, akafungua kifurushi. Mwenye nyumba aliyasikia yote kupitia ukutani, kama alivyosikia kila kitu.

“Ngoja ngoja huumiza matumbo,” alisema kwa sauti, ukumbini, akijifanya anafagia. “Na hapa tumbo si lako, Mnyamwezi.”

Mchana ule ule mvua ilirudi, na safari hii haikuwa mvua ya kunyesha bali ya kumwagwa. Ilimwagwa Alhamisi yote na Ijumaa yote. Jumamosi asubuhi muuza maziwa hakuja. Mtu mmoja akapita akisema Jangwani hakuna njia tena, kuna ziwa.

Nilikwenda. Ndiyo, nilitoka nje, mimi, kwenye mvua, nikiwa na mwavuli wa tajiri. Nilisimama mahali ambapo barabara inateremka bondeni, nikaona inateremka na kuingia kwenye maji na kutoweka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yakienda taratibu kama mtu mwenye haki yake. Migomba ilipita, na mlango wa nyumba, na kuku juu ya mlango. Ng'ambo ya pili, mbali, watu walisimama kama sisi, wadogo kama mafundo. Baadhi ya vijana wenye nguvu walikuwa wakijaribu kuvusha watu mgongoni kwenye ukingo. Mmoja alizama mpaka kidevuni, akarudi, wakaacha. Nilikaa pale kadiri nilivyoweza. Kisha nikarudi nyumbani.

Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani.

“Je?” aliuliza. “Maji yanajua kusoma kalenda?”

Nilianza kujibu, nikaona mkono wake umeshika ukingo wa mkeka, vidole vimekazwa. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nikatumwa kumtafuta mkunga wa mtaani. Mmoja alikuwa amekwenda Magomeni kabla ya mafuriko na hakuweza kurudi. Mwingine alikuwa kitandani na homa, hakuniona hata nilipomsalimu. Hospitali mke wangu aliikataa kabisa, kwa hofu aliyokulia nayo, na barabara zetu zenyewe zilikuwa mito. Mwenye nyumba akaondoa kilemba chake, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaniambia, “Nimezaa mara tano na nimezika mara tatu. Si mkunga. Lakini nipo. Wewe nenda kwenye jiko lako, ukaushe nguo, na usiniletee iliyo mbichi.”

Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu Jumamosi adhuhuri hadi Jumapili alasiri. Nilikaa ukumbini na tenga langu, mlango wa chumba umefungwa, nikapepea. Nilisikia nilichosikia. Kila mara mlango ukifunguka kidogo, mkono ukatoka, nikaweka kipande kikavu juu yake, mkono ukaingia. Ulifika wakati mkono ukatoka mimi sina kikavu. Nikatoa kile kilichokuwa juu ya tenga, vuguvugu, na unyevu wake. Mwenye nyumba alikishika, akakisikia kwa vidole, akakichukua bila kusema neno. Mtani asiposema neno, ujue hali.

Alikuwa mtoto wa kiume. Alichelewa kulia, na alipolia ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia. Mwili haukuwa na kasoro, kucha zimekamilika, nywele zimejaa. Hakuwa mtoto wa kabla ya wakati. Alikuwa amekuja siku yake hasa. Duara langu jekundu ndilo lililochelewa.

Siku mbili za mwanzo nilithubutu kuamini. Alinyonya kidogo. Mke wangu alikuwa hoi lakini alitabasamu, akasema ana pua yangu, maskini, na huenda ana tabia yangu pia, maana tazama jinsi ilivyobidi avutwe ndipo atoke. Nililiandika jina kwenye kipande cha karatasi, nikakiweka mfukoni, kikingoja siku ya saba.

Lakini mtoto hulowa. Jambo hili kitabu chochote nilichosoma shuleni hakikulisema kwa uzito wake. Hulowa mchana, hulowa usiku, na kila akilowa anataka kipande kikavu, na kipande kikavu kilitaka saa nzima ya makaa, na mkaa wenyewe ulikuwa umeanza kwisha mtaani kwa sababu magari kutoka bara hayakuweza kuvuka. Nilichoma kibao cha mbuzi. Nilichoma sanduku nililokuja nalo kutoka Tabora. Alipewa winda zenye moshi, kisha winda zenye unyevu na moshi, na siku ya nne akaanza kukohoa.

Tulimpeleka zahanati, mimi na mwenye nyumba, mtoto amefunikwa ndani ya kanga na juu yake koti langu. Muuguzi alimsikiliza kifua. Alikuwa mama mpole, amechoka, foleni nyuma yetu ilifika barabarani, na nusu yao walikuwa na watoto wanaokohoa vivyo hivyo. Akatupa dawa. Kisha akasema, “Kichomi hiki kinataka joto. Muwekeni pakavu. Nguo mbichi isimguse.”

Nilicheka. Sijui kwa nini, kicheko kilinitoka tu. Muuguzi akanitazama kwa mshangao, na mwenye nyumba akanishika mkono akanitoa nje kama mtu anayemtoa mlevi.

Alifariki siku ya sita, asubuhi, mvua ikinyesha, mama yake amemshika kifuani chini ya nguo zake zote. Alikuwa amemweka pale tangu jana yake, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mwili wake yeye ndio uliokuwa mahali pakavu palipobaki katika nyumba ile.

Nilikwenda dukani kununua sanda. Mwenye duka alikata mikono michache, akaikunja. Nikiwa njiani nimeikumbatia chini ya koti ndipo nilipotambua kwamba naibeba nguo kavu, ya kwanza tangu wiki mbili.

Sasa niseme juu ya mwenye nyumba. Kwa desturi zetu, siku ya msiba ndiyo siku ya mtani. Wengine wakilia, yeye hufanya mzaha. Huzuia maiti mlangoni, humsema marehemu, huwasema wafiwa, mpaka mtu anajikuta amecheka na machozi yamo bado. Ni haki yake, na ni wajibu wake. Wala hakuna mtu mjini mle aliyekuwa na maneno ya kunisema kuliko yule mama. Alikuwa nayo ya mwaka mzima. Kalenda peke yake ingemtosha.

Nilimbeba mtoto mikononi, wanaume wakinifuata. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameshika nguzo huku na huku, kama inavyotakiwa. Nikasimama. Nikangoja. Naapa nilikuwa nikimngojea kama mwenye kiu. Aniite mwali. Aseme mwali ametoka nje leo, tazameni, imebidi abebe nini ndipo atoke. Lolote.

Alinitazama. Midomo yake ikaanza, ikaacha. Akashusha mkono mmoja, akasogea pembeni, akanipisha.

Makaburini walikuwa wakichota maji kaburini kwa debe, nayo yakirudi. Mwalimu wa msikitini aliniuliza jina la mtoto. Nikalitaja mara moja. Hapa silirudii.

Maji ya Jangwani yalishuka siku ya pili baada ya maziko, na mama mkwe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuvuka, amelowa hadi kiunoni. Baadaye niliambiwa kwamba siku zile zote alikuwa akija kila asubuhi ng'ambo ya pili, mzigo wake kichwani, anasimama mpaka adhuhuri, anarudi, kesho anakuja tena. Mimi nilikuwa nimekwenda mara moja.

Habari alizipata pembeni mwa mtaa, kwa hiyo alipoingia hakuuliza. Nilikuwa nimekaa ukumbini karibu na jiko lililozimika. Nilisimama nikashindwa pa kujificha. Mlango wa kurudisha nusu haukuwepo karibu. Alinikabili uso kwa uso, kanga ameishusha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

“Shikamoo mama,” nilisema.

“Marahaba, baba. Umekula?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

Akaingia ndani kwa binti yake. Akafungua mzigo: kuni kavu alizoziweka darini tangu kiangazi, samli, pilipili manga, mkaja wa kufungia tumbo, na kanga za winda, furushi zima, zimekunjwa na udi, kavu kama karatasi. Zile za winda akaziweka kando. Vitu vingine vyote akavitumia. Maana mwanamke aliyejifungua ni mzazi, awe na mtoto au asiwe naye. Maji ya moto ni yale yale, kukandwa ni kule kule, na tumbo lazima lifungwe. Niliwasikia kupitia mlango: maji yakimiminwa, mama akisema geuka, binti akigeuka. Furushi alikuwa amelifunga kwa ule ukanda wa mafundo. Ulikuwa umeanguka sakafuni, nikauokota. Nilihesabu tisa. Nikaenda kwenye kalenda, nikatafuta siku mwezi wa tisa ulipoandama, nikaikuta Alhamisi. Ile ya manyunyu. Kwa hesabu yake nilikuwa na siku hiyo, na mbili tatu za ziada, kumvusha binti yake.

Alimchukua binti yake Magomeni amalizie arobaini huko. Wakati wa kuondoka mke wangu hakunitania. Aliniambia mahali chumvi ilipo.

Masika yaliisha wiki ile ile, kama nilivyokuwa nimesema yangeisha. Hesabu hiyo nilipatia. Asubuhi moja jua likatoka kali, bati likaanza kulia, uani kukafuka mvuke. Nikazitoa zile kanga zote, vipande vyote, nikavifua mwenyewe, nikavianika kambani kutoka ukuta hadi ukuta. Nikaingia ndani kunywa chai. Sijamaliza kikombe, nikatoka kutazama.

Zilikuwa zimekauka zote.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwa nyuma. Alizitazama kanga, akanitazama mimi.

“Nizirudishe kwa wenyewe?” niliuliza.

“Kanga za winda hazirudishwi. Ziweke.”

“Nimwekee nani, bibi?”

“Zianue, mwali,” alisema, taratibu, bila kunadi. “Jua litazipausha.”

Nilizianua, nikazikunja moja moja, na kwa kuwa sanduku langu nilikuwa nimelichoma, nilinunua jingine. Mke wangu alirudi baada ya arobaini. Nilimfuata mwenyewe, na nilifika siku moja kabla. Tumekaa pamoja miaka yote hii, mizaha ilirudi kidogo kidogo, si yote. Mtoto mwingine hatukupata. Kanga ziko sandukuni mpaka leo, chini ya kitanda. Kila masika ninazitoa nazigusa kwa vidole. Ni kavu kabisa.